Chama cha Kikatoliki: Nilichomjibu Kaka Yangu

(Hii ni mada niliyoitoa kwenye kongamano letu la vijana. Wengi ambao hawakufika waliomba maandishi yake. Nimeiacha karibu kama nilivyoizungumza, nimepunguza tu sehemu ambazo nilikuwa narudia rudia kwa sababu ya woga.)

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa baraza, makamanda wenzangu, habari za mchana.

Nilipokuwa nakuja hapa mbele nilitaka kuwasalimia kwa "Tumsifu Yesu Kristo". Ndiyo salamu niliyokulia nayo. Kwetu Bukoba huingii kwa watu bila hiyo. Lakini nimeuangalia ukumbi. Nawaona dada zetu waliotoka Tanga, nawaona kaka zetu wa Kilutheri pale dirishani, na namuona yule mwenzetu ambaye huwa anasema yeye hana dini kabisa ila ana kadi ya chama. Nusu yenu mngeitikia "Milele, amina" kwa sauti kubwa, na nusu mngebaki mnatazamana. Basi ishikeni hiyo picha, kwa sababu mada yangu yote imo ndani ya hiyo salamu.

Kuna kaka mmoja, sitamtaja, ambaye wengi wenu mnamfahamu. Alikuwa mwenzetu. Amelala mahabusu kwa ajili ya chama hiki mara nyingi kuliko mimi nilivyolala hosteli bila kula. Kwangu mimi ni zaidi ya kamanda, maana ndiye aliyenifundisha kuimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia. Miezi michache iliyopita aliniita tukanywe chai, akaniambia ameondoka. Hajaenda chama tawala, tulieni. Alisema amechoka. "Mdogo wangu, vyama vyote ni vilevile. Leo mtu anatukana rushwa jukwaani, kesho ananunuliwa, keshokutwa anatuchekelea. Tunataka chama cha watu wenye hofu ya Mungu, kilichosimama juu ya mafundisho ya Kanisa. Wewe unasoma sheria. Tuandikie katiba."

Sikucheka. Nawaomba na ninyi msicheke, kwa sababu najua humu ndani wapo wanaowaza kama yeye ila hawajasema. Na sababu zao siyo za kijinga. Mwaka 2018, wakati mikutano ya hadhara imezuiwa na sisi tumebanwa kila upande, ujumbe wa Kwaresima wa maaskofu ulisema kwa maandishi kwamba shughuli za siasa zinazuiliwa. Agosti 2023, kwenye suala la bandari, tamko la maaskofu lilisomwa makanisani, kukiwa na watu wengi kuliko mkutano wowote tuliowahi kuuitisha. Kijana aliyekaa kwenye benchi siku ile lazima ajiulize: hivi kwa nini nguvu hii isigeuzwe kuwa kura?

Kwa hiyo niliikubali kazi. Nilikaa na rasimu ile wiki mbili, nikiiandika usiku baada ya kusoma mambo ya mitihani. Leo nawaeleza jibu nililompelekea, na sababu zake.

Nianze na sheria, halafu tuiache haraka, maana siyo kiini cha jambo.

Ukurasa wa kwanza tu, ibara ya jina na madhumuni, sheria ikanigomea. Katiba ya nchi yetu, ibara ya 20(2), inasema chama hakitaandikishwa kama katiba yake au sera yake inakusudia kukuza au kuendeleza maslahi ya imani au kundi lolote la dini. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992, kifungu cha 9, inarudia jambo hilohilo. Kuna na kifungu cha 10: ili upate usajili wa kudumu unatakiwa uwe na wanachama wasiopungua 200, wenye sifa za kupiga kura, katika kila mkoa kwa angalau mikoa kumi, na kati ya hiyo miwili iwe Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Nilipofika hapo nikampigia simu. Nikamwambia, kaka, Wakatoliki 200 wa Pemba wenye umri wa kupiga kura na wanaotaka kuingia upinzani, unawapata wapi? Akanyamaza. Halafu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aondoke.

Lakini nisiwadanganye. Mwanasheria mzuri angepata njia. Someni ibara ile tena polepole. Haikatazi maadili, inakataza maslahi ya imani au ya kundi la dini. Ukiandika kwamba chama kinasimamia utu wa kila binadamu, mafao ya wengi, haki ya mfanyakazi kupata ujira wa kuitunza familia yake, hakuna Msajili atakayekuuliza umeyatoa wapi. Yote hayo yamo kwenye waraka wa Papa Leo XIII wa 1891, Rerum Novarum, lakini hata asiyejua Papa ni nani anaweza kuyasaini. Kaka naye alilijua hilo. Aliniambia, "Andika tu maadili, wenyewe watatuelewa." Hilo neno "wenyewe" ndilo lililoninyima usingizi.

Na kuna mlango mwingine ambao kwetu umefungwa. Mtu mwenye imani yake na msimamo wake angeweza kugombea peke yake, bila chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania hilo maisha yake yote. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilikubaliana naye, Bunge likabadilisha Katiba kuziba mlango. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge kuamua. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, palepale Arusha, ikasema kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Hadi leo nazungumza na ninyi, huwezi kugombea hata udiwani bila kudhaminiwa na chama. Matokeo yake, kila mtu mwenye wazo la dhati analazimika kuanzisha chama. Kwa hiyo kabla hatujamlaumu kaka kwa kutaka chama chake, tukumbuke nani aliyemnyima njia nyingine.

Sasa tuingie kwenye lenyewe. Tuseme sheria isingekuwepo, na Msajili anatukabidhi cheti kesho asubuhi. Bado ningekataa. Na sababu nimezipata kwa padri mmoja wa Sisilia.

Anaitwa Luigi Sturzo. Alizaliwa 1871 katika mji wa Caltagirone, mji wa wafinyanzi, na alipewa upadri 1894. Huyu hakuwa padri wa kukaa sakristia. Kuanzia 1905 hadi 1920 ndiye aliyeuendesha mji wake akiwa kaimu meya. Alijua bei ya unga, alijua nani ananyonywa na mwenye shamba. Lakini zamani zake zilikuwa na kioja. Baada ya taifa la Italia kuiteka Roma mwaka 1870 na Papa kupoteza dola yake, Kanisa liliwaambia Wakatoliki wa Italia wasishiriki uchaguzi wa Bunge. Hebu fikirieni, nchi nzima ya Wakatoliki, na Mkatoliki mwema ni yule anayekaa nyumbani siku ya kura! Katazo hilo lilianza kulegezwa mwanzoni mwa karne ya 20, na liliondolewa rasmi mwaka 1919.

Mwaka huohuo, tarehe 18 Januari, Sturzo na wenzake walikutana katika hoteli ya Santa Chiara mjini Roma wakatangaza chama. Nataka muangalie vitu viwili. Kwanza jina: Partito Popolare Italiano, yaani Chama cha Watu wa Italia. Humo hakuna neno Katoliki wala neno Kristo. Pili, wito wao haukuelekezwa kwa Wakatoliki. Ulielekezwa kwa watu wote walio huru na imara. Padri anaanzisha chama, na hawaiti waumini wake!

Wapo waliokasirika. Kwenye mkutano mkuu wa kwanza, Bologna, Juni 1919, padri mwingine msomi, Agostino Gemelli, alitaka chama kijitangaze waziwazi kuwa ni cha Wakatoliki. Sturzo alikataa, na hoja yake mimi nimeibandika ukutani hosteli. Kwa maneno yangu: dini ni ya watu wote, chama ni cha upande mmoja. Ukikiita chama "Katoliki", umemfukuza Kanisani kila asiyekubaliana na sera yako ya kodi. Hakuficha anakotoka, maana nembo ya chama ilikuwa ngao yenye msalaba. Alichokataa ni kulifanya Kanisa liwajibike kwa maamuzi ya chama, na chama kupokea maelekezo Kanisani.

Na sera zao, makamanda, mngezipigia makofi. Walitaka wanawake wapige kura, katika nchi ambayo wanawake walikuja kupiga kura kitaifa 1946. Walitaka viti vya Bunge vigawanywe kwa uwiano wa kura, jambo ambalo sisi tunalililia hadi leo. Walitaka mkulima amiliki ardhi, na manispaa zijiamulie badala ya kila kitu kusubiri waziri. Novemba 1919, chama kina miezi kumi tu, kilipata viti 100 kati ya 508.

Kisha akaja Mussolini. Oktoba 1922 anaingia madarakani, na chama cha Sturzo, nasema kwa masikitiko, kiliruhusu watu wake waingie kwenye serikali yake ya kwanza. (Haya mambo ya "tukiwa ndani tutaibadilisha serikali" hayakuanza kwetu.) Mkutano mkuu wa Torino, Aprili 1923, ukaonyesha kwamba Sturzo hakubali kumezwa, na Mussolini akawatoa mawaziri wao. Halafu akaleta sheria ya uchaguzi inayoitwa ya Acerbo: orodha itakayoongoza, ilimradi imefikisha robo ya kura, inachukua theluthi mbili za viti vya Bunge. Mimi nimesoma sheria nyingi za uchaguzi za hovyo, lakini ile ni baba lao.

Sturzo aliipinga. Sasa Mussolini afanyeje? Hakuhangaika na wajumbe wa chama. Alijua pa kubonyeza. Vatikani ilikuwa na mambo yake mengi ya kumalizana na dola: hadhi ya Papa, shule, ndoa, usalama wa vyama vya kitume ambavyo vijana wa Mussolini walikuwa wanavipiga na kuvichomea ofisi. Sturzo akapewa ujumbe kwamba kuendelea kwake kunaliletea Kanisa matatizo. Julai 1923 alijiuzulu uongozi wa chama. Alikuwa padri, akatii. Mwaka uliofuata, Juni, mbunge wa kisoshalisti Giacomo Matteotti akauawa na watu wa Mussolini, na kwa muda serikali ikatikisika. Wakatoliki na Wasoshalisti wangeungana, huenda historia ingekuwa nyingine. Papa Pius XI alipinga hadharani muungano huo. Oktoba 1924 Sturzo alipanda treni kwenda London, na alikaa uhamishoni miaka 22. Chama kilifutwa 1926. Tarehe 11 Februari 1929 Vatikani na Mussolini wakasaini mkataba wa Laterano.

Nilipoisoma mara ya kwanza nililia, nisiwafiche, na nilikuwa na hasira na Kanisa langu kama wiki nzima. Baadaye nikaanza kuelewa jambo gumu zaidi. Kanisa halikumsaliti Sturzo kwa sababu ya ubaya wa mtu mmoja. Lilifanya kinachofanywa na taasisi yenye waumini, shule, hospitali na miaka elfu mbili ya kuishi na watawala wa kila aina. Taasisi ya namna hiyo lazima izungumze na yeyote aliyeko madarakani. Chama cha upinzani hakiwezi kumtegemea mtu ambaye kazi yake inamlazimu kuzungumza na mpinzani wako.

Na siyo Italia tu. Ujerumani walikuwa na chama cha Wakatoliki, Zentrum, kilichoanzishwa 1870, na miaka ya mwisho kiliongozwa na padri, Ludwig Kaas. Machi 1933 kilipiga kura kumpa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge. Tarehe 5 Julai kikajivunja. Tarehe 20 Julai mkataba kati ya Vatikani na serikali ya Hitler ukasainiwa, na Kaas mwenyewe alikuwa Roma akisaidia mazungumzo. Ni siku kumi na tano.

Kaka aliniuliza, na ninyi mtaniuliza: mbona leo Ujerumani wana CDU na wanatawala? Wana, ndiyo. Lakini waliokianzisha mwaka 1945 walikuwa wameshaungua. Waliwaweka Wakatoliki na Waprotestanti pamoja tangu siku ya kwanza, kwa makusudi, ili asiwepo askofu mmoja mwenye ufunguo wa chama. Na Italia, yule aliyempokea Sturzo uongozi, Alcide De Gasperi, baada ya kufungwa na Mussolini na kujificha kwenye maktaba ya Vatikani, alikuja kuwa waziri mkuu kuanzia Desemba 1945 hadi 1953. Mwaka 1952 Papa Pius XII alitaka aungane na mabaki ya wafashisti ili wakomunisti wasichukue jiji la Roma. De Gasperi, mtu wa misa, akakataa. Alipoomba kwenda kumuona Papa na mkewe kwa kumbukumbu ya miaka thelathini ya ndoa yao, akanyimwa. Huyo ndiye mwanasiasa Mkatoliki ninayemheshimu. Alibaki Mkatoliki na alibaki waziri mkuu, na alijua tofauti ya kofia hizo mbili.

Sasa tuondoke Ulaya. Kuna mfano wa jirani, na huu mimi nimeusikia mezani kwetu kabla sijausoma kitabuni.

Babu yangu alipokuwa kijana alivuka mpaka kwenda Masaka kufanya vibarua vya kahawa, kama vijana wengi wa Kihaya wa wakati ule. Alikuwa anatusimulia kwamba Uganda ukitaka kujua mtu ni wa chama gani, humuulizi chama. Unamuuliza jina la ubatizo na shule aliyosoma. DP, Democratic Party, watu waliigeuza wakaiita "Dini ya Papa". UPC nayo wakaigeuza kuwa chama cha Waprotestanti wa Canterbury. Babu alikuwa anacheka sana akifika hapo. Sisi watoto tulicheka kwa sababu yeye amecheka.

DP ilianzishwa 1954, na ilikuwa na madai ya haki kabisa. Katika ufalme wa Buganda, tangu mkataba wa 1900, Wakatoliki walikuwa wengi lakini cheo cha Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka, kilikuwa kinakwenda kwa Waprotestanti. Mwaka 1955 Mkatoliki Matayo Mugwanya alikikosa kwa kura chache. Watu waliona wametengwa, na kweli walikuwa wametengwa. Kauli yao ilikuwa Ukweli na Haki. Mwaka 1958 uongozi ukachukuliwa na Benedicto Kiwanuka, mwanasheria aliyesomea London, na huyu alijitahidi kweli kukitoa chama kwenye kivuli cha kanisa. Aliwaita Waprotestanti, aliwaita Waislamu, wakaja. Katika uchaguzi wa Machi 1961, ambao watu wengi wa Buganda waliususia, DP ilipata viti 43 na UPC 35, ingawa UPC ilikuwa na kura nyingi zaidi nchi nzima. Tarehe 1 Machi 1962 Kiwanuka akawa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda.

Alidumu miezi miwili. Mengo hawakuvumilia kuona mtu wa kawaida, tena Mkatoliki, amekaa juu ya Kabaka. Chama cha Kabaka Yekka kikaungana na UPC ya Obote, watu wawili ambao hawakupatana kwa lolote isipokuwa kumtoa Kiwanuka. Aprili 1962 wakamtoa. Uhuru wa Oktoba ulipokelewa na Obote, na miaka minne baadaye Obote huyohuyo akalivamia kasri la Kabaka. Lakini hilo somo la siku nyingine.

Ninachotaka mkione ni hiki: Kiwanuka alifanya kila alichoweza kulifuta lile jina la "Dini ya Papa", na halikufutika. Jina la chama cha dini ukishalipata, wanaokushikilia nalo ni maadui zako. Wao ndio wanaolihitaji. Sisi wenyewe tunajua. Hapa nchini CUF walibandikwa udini, wengine wakabandikwa ukanda, bila ya kuandika hata mstari mmoja wa dini kwenye katiba zao. Sasa wewe unataka kujiandikia mwenyewe?

Na Kiwanuka, kwa kuwa wanafunzi wa sheria tupo humu, nitawamalizia habari yake. Obote alimfunga, Amin akamtoa, akamfanya Jaji Mkuu mwaka 1971. Septemba 1972 mahakama yake ikaamuru aachiwe Mwingereza mmoja aliyekuwa amekamatwa na wanajeshi kinyume cha sheria. Tarehe 21 Septemba wanajeshi walimfuata Mahakama Kuu, Kampala, wakamchukua mbele ya watu. Hakuonekana tena. Alikufa akiwa jaji aliyemtetea mtu asiye wa dini yake kwa kuuliza wala asiye wa chama chake. Kama kuna mtu aliyeyaishi maadili ya Kikatoliki kwenye siasa za Afrika Mashariki ni huyo, na aliyaishi zaidi siku ile mahakamani kuliko siku zote alizokuwa kiongozi wa chama kilichoitwa cha Wakatoliki.

Nirudi kwetu. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa misa, na Kanisa lenyewe limefungua mchakato wa kumtangaza mtakatifu. Lakini TANU haikuzaliwa kwenye parokia. Ilibebwa na akina Sykes, ilibebwa na Bibi Titi Mohamed, watu wa Dar es Salaam waliokuwa Waislamu na wakamkubali mwalimu wa shule kutoka Butiama. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kilikuwepo chama cha Waislamu, AMNUT, na malalamiko yake kuhusu elimu yalikuwa ya kweli, hata leo yanaumiza. Hakikupata watu. Waislamu wengi walibaki TANU. Sasa nauliza: kama wao wakati ule walikataa chama cha dini yao wakabaki na Mkatoliki Nyerere, leo sisi Wakatoliki tuwalipe kwa kuanzisha cha kwetu?

Na maaskofu wetu nao tusiwabebeshe mzigo usio wao. Kanisa hapa lina hospitali, lina shule, na tangu 1992 makanisa yana makubaliano na Serikali kuhusu huduma za afya na elimu. Siku chama cha kaka kitakapoigusa Serikali pabaya, nani atapigiwa simu? Halafu mkumbuke kwamba sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 287, inawazuia makleri kushiriki kikamilifu kwenye vyama vya siasa. Kwa hiyo hata ukikipata chama, mimbari huipati. Kaka alikuwa anataka kuazima imani ambayo watu wanayo kwa maaskofu. Lakini watu wanawaamini maaskofu kwa sababu hawagombei. Lile tamko la bandari lingesomwa na askofu ambaye chama chake kina mgombea, lingekuwa tamko la kampeni kama mengine tu.

Hayo yote nilimwambia. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake. Akasema, "Sawa. Lakini uongo nilioukuta kwenye chama uko palepale. Nifanye nini nao?"

Hapo ndipo nilipoifungua tena rasimu. Nikafuta jina, nikafuta dibaji, nikabakiza ibara tatu ambazo nilikuwa nimezitoa moja kwa moja kwenye Mafundisho Jamii ya Kanisa. Nawaletea ninyi leo, kwa sababu ugonjwa aliouona kaka ni wa kwetu.

Kuna kitu Kanisa linakiita kanuni auni. Kwa lugha rahisi: jambo linaloweza kuamuliwa na walio chini, walio juu wasiliamue. Papa Pius XI aliiandika 1931, wakati madola ya Ulaya yanameza kila kitu. Ajabu ni yule yule aliyempinga Sturzo, ila ukweli tunaupokea hata kwa mkono uliowahi kukosea. Sasa jiulizeni, kwenye chama chetu, mgombea udiwani aliyeshinda kura za maoni za kata anaweza kukatwa na nani? Mnalijua jibu, mnacheka kwa aibu. Tunawaambia Serikali irudishe madaraka kwa wananchi, halafu sisi tunakata jina kwa simu kutoka makao makuu. Ibara ya kwanza inasema uamuzi wa kata usibatilishwe bila sababu za maandishi na bila haki ya kukata rufaa. Mimi hapo sioni Ukatoliki. Naona haki ya kusikilizwa, ambayo mwaka wa kwanza wa sheria tunafundishwa wiki ya pili.

Ibara ya pili ni ya fedha: kila jimbo libandike mapato na matumizi yake ukutani kila robo mwaka, kama jumuiya ndogo ndogo zinavyosomewa michango yao. Mama yangu ni mweka hazina wa jumuiya yenye kaya kumi na nane. Anasoma mpaka shilingi mia mbili. Sisi tunashindwa nini?

Ya tatu ni ndogo na ndiyo itakayowaudhi wakubwa. Familia ya mwanachama aliye mahabusu itunzwe na mfuko wa baraza, kwa utaratibu unaojulikana, siyo kwa kupitisha kofia WhatsApp. Kaka alipokuwa ndani, mkewe alikopa nauli ya kumpelekea chakula. Yeye hakuniambia hilo. Aliniambia mkewe.

Mwenyekiti, nimeziandika kwa mkono na kuzichapa nakala ishirini, zinapita huko nyuma. Hazina jina la mtakatifu yeyote. Naomba ziingie kwenye ajenda ya kikao cha mwezi ujao kama hoja ya mjumbe, na nimeshapata mjumbe wa kuniunga mkono, dada mmoja wa Tanga ambaye asingeitikia salamu yangu.

Nakala moja nimempelekea kaka. Amesema atakuja siku ya kikao kusikiliza, atakaa mlangoni.

Naona mikono. Tuanze na wewe hapo, mwenye shati la bluu.